Tulivyoingia Kwenye Chama kwa Sababu ya Maji



Katibu aliponiambia niandike historia ya kikundi kwa ajili ya kitabu hiki cha miaka 10, nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nilijua wanataka nini: tulianza Machi 2015, tulikuwa akina mama 18, hisa moja Sh. 2,000, tulikutana chini ya mwarobaini, leo tuko 41. Basi, hayo nimeshayasema.

Lakini nilipokaa na madaftari nikaona historia yetu haisimuliki bila kutaja chama, yaani chama cha siasa. Najua wengine mtashtuka. Kifungu cha 4 cha katiba yetu kinasema kikundi hakijihusishi na siasa, na mimi ndiye nilikuwa mkali kuliko wote kiandikwe. Ni kweli, kikundi hakina chama. Lakini wanakikundi tunavyo, tena mbalimbali, na mambo makubwa tuliyopata hapa mtaani yalipita kwenye vikao vya chama kabla hayajafika kwetu. Nitaeleza ilivyokuwa, na nitaanza mbali kidogo, kwa bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Kariakoo, baadaye akahamia Temeke. Alikuwa anauza vitumbua, na jioni ni mtu wa ngoma. Miaka ile kila mwanamke wa mjini alikuwa na kikundi chake cha ngoma, lelemama na nyinginezo. Kikundi hakikuwa kucheza tu. Mwenzenu akifiwa mnachanga, akizaa mnachanga, akioza mtoto mnashona sare. Kilikuwa na viongozi wake na taratibu zake, na fedha zake zilikuwa zinajulikana zilipo. Kwa hiyo msidhani mambo ya kuchanga tuliletewa na mafunzo ya VICOBA miaka ya 2000. Tulichofunzwa ni kuandika.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 hapa hapa Dar es Salaam. Mwanzoni ilikuwa chama cha wanaume. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wako wapi. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed. Alikuwa kijana, amezaliwa 1926, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kinaitwa Bomba. Kadi yake ya TANU ilikuwa namba 16. Na angalieni alivyofanya. Hakwenda kugonga nyumba moja moja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu ukimpata kiongozi umepata kikundi kizima. Katika miezi michache wanawake wa Dar es Salaam walikata kadi kwa maelfu. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Hakujua kusoma hata jina lake kwenye ile kadi.

Zamani nilikuwa najiuliza, kwa nini wao walithubutu wakati wanaume wengi walisita? Bibi alinijibu, "Mimi nilikuwa naajiriwa na nani?" Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake wasijiunge na siasa. Karani akionekana na kadi kazi hana. Lakini muuza vitumbua atafukuzwa wapi? Wakawa wao ndio wanapeleka habari, wanaficha kadi za waume zao, wanapika wageni wakija, wanajaza mikutano. Halafu ulipofika uchaguzi wa kura tatu, 1958 na 1959, ambao kila mpiga kura alichagua Mzungu mmoja, Mhindi mmoja na Mwafrika mmoja, masharti yalitaka uwe na elimu, au kipato, au cheo. Bibi na wenzake wengi waliokijenga chama hawakupiga kura. Walipika.

Bibi Titi mwenyewe mnajua habari zake. Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ikaundwa UWT mwaka 1962 naye akawa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1965 akashindwa ubunge. 1967 hakukubaliana na masharti ya Azimio la Arusha juu ya viongozi kupangisha nyumba. 1969 akakamatwa kwa kesi ya uhaini, akafungwa, akaachiwa 1972. Alifariki mwaka 2000. Siku hizi ukitoka huku Mbagala kwenda Mnazi Mmoja unaikuta barabara yenye jina lake, na wengi wanaoitaja kwa kondakta hawajui alikuwa nani.

Mama yangu alikuta mambo yamebadilika. Wakati wake siasa ilikuwa balozi wa nyumba kumi. Mimi nimezaliwa 1970, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho. Balozi alikuwa kiongozi wa shina la chama, na papo hapo ndiye serikali. Mgeni akija anaandikishwa kwake. Barua ya shule kwake. Ugomvi wa mke na mume kwake. Ile miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na unga vilipokuwa adimu, orodha ya kaya kwenda duka la ushirika ilitoka kwake pia. Balozi wetu alikuwa mzee mmoja mstaarabu, lakini macho yalikuwa hayaoni vizuri, na orodha yote aliiandika mama yangu. Alijua kila nyumba ina watoto wangapi na nani kaongeza majina ya uongo ili apate kilo zaidi. Miaka 6 aliandika. Balozi alipofariki wakachagua mwanaume mwingine, na mama akaendelea kuandika. Nilimwuliza kwa nini hakugombea. Akasema hakuna aliyemwambia. Jibu hilo lilikaa na mimi muda mrefu.

Sasa nije kwenye mageuzi. Julai 1992 sheria iliruhusu vyama vingi. Mwaka 1994 tukachagua kwa mara ya kwanza serikali za mitaa kwa mfumo huo, na tangu hapo mjumbe wa nyumba kumi akawa mtu wa chama chake tu, serikali ikawa ni mwenyekiti wa mtaa na kamati yake. (Mpaka leo kuna watu wakitaka barua wanakwenda kwa mjumbe. Mazoea yana taabu.) Mwaka 1995 uchaguzi mkuu hapa Dar es Salaam ulivurugika, vifaa vikachelewa, matokeo yakafutwa tukarudia Novemba 19. Halafu mwaka 1996 ukaja uchaguzi mdogo wa ubunge Temeke. Alishinda Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi.

Wale wa umri wangu mnakumbuka joto la uchaguzi ule. Mke kadi hii, mume kadi ile, wanalala mzungu wa nne. Mimi nilikuwa kwenye upatu wa akina mama 12, kila mtu Sh. 5,000 kwa wiki, na mimi zamu yangu ilikuwa ya tisa. Tulipofika ya saba, wawili waligombana kisimani juu ya fulana ya kampeni. Fulana, jamani! Wiki ile nusu hawakuleta hela. Wiki iliyofuata hakuja mtu. Sisi watano ambao hatujapokea tulipoteza, na kati ya wale waliokwishapokea, mmoja ni shoga yangu wa utotoni. Hatukusemezana miaka 3. Ndiyo sababu nilikuwa mkali juu ya kifungu cha 4, sasa mmejua.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Miaka hiyo hiyo lilianzishwa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, mwenyekiti wake Anna Tibaijuka. Lilitaka wanawake wa vyama vyote na wasio na vyama wasimame pamoja. Mwaka 1997 likafutwa kwenye daftari la serikali. Habari zile zilifika mpaka kwenye vikundi vidogo huku kwetu, na mimi naamini kwamba tangu hapo kila kikundi cha akina mama kinachoandika katiba kinakimbilia kuandika "hatujihusishi na siasa" kabla hata ya kuandika viwango vya hisa.

Sisi tulifanya hivyo hivyo mwaka 2015. Tukaendelea na hisa zetu, sanduku la kufuli 3, faini ya kuchelewa Sh. 500. Miaka miwili hatukumsogelea kiongozi yeyote.

Kilichotutoa ni maji.

Mtaa wetu ulikuwa na kisima kirefu cha jumuiya chenye bomba 4. Ndoo ya lita 20 Sh. 50. Fedha zilikuwa zinakusanywa na kamati ya maji. Mwaka 2017 pampu iliharibika tukaambiwa tuchange kila nyumba Sh. 3,000 kwa kuwa mfuko hauna kitu. Tukachanga. Baada ya miezi 4 ikaharibika tena, tukaambiwa tuchange tena. Siku hiyo kwenye mkutano wetu wa hisa ukazuka mjadala, na mweka hazina wetu, mama wa darasa la saba kama mimi, muuza chapati, akauliza swali moja tu. "Kwani kwa siku zinachotwa ndoo ngapi?" Hakuna aliyejua.

Pampu ilipotengenezwa akahamishia jiko lake la chapati pale kisimani. Alikaa siku 7, toka saa 11 alfajiri mpaka saa 2 usiku, na daftari la mtoto. Ndoo moja kijiti kimoja, vijiti vitano fungu. Akichoka anampokea mwenzetu mwingine. Watu walidhani anaandika madeni ya chapati. Siku ya saba jioni tukajumlisha: ndoo 9,460. Mara 50 ni Sh. 473,000 kwa wiki moja. Wiki 4 ni Sh. 1,892,000. Na taarifa iliyosomwa kwenye mkutano wa wakazi ilisema mapato ya mwezi mzima ni Sh. 610,000.

Tulikwenda kwenye mkutano uliofuata tukiwa 23. Mweka hazina akasimama akasoma. Hakutukana mtu. Alisoma siku kwa siku kama anavyosoma hisa zetu. Alipofika siku ya tano aliyekuwa anaongoza mkutano akasema hiyo si ajenda, na mkutano umefungwa. Watu wakacheka, wengine wakapiga kelele, lakini ulifungwa kweli. Siku ya pili tukaambiwa tunatumiwa na vyama.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza: nani anaandika ajenda? Mmoja wetu ambaye binti yake anasoma chuo akatuletea maelezo. Kamati ya mtaa ina mwenyekiti na wajumbe 5, na kati yao wanawake wasipungue 2. Kwa hiyo nafasi zilikuwepo. Ila huwezi kuziomba peke yako. Katika nchi yetu mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Mtikila alilipeleka suala hilo mpaka Mahakama ya Afrika, mwaka 2013 ikampa haki, lakini mlango haukufunguliwa. Ni lazima udhaminiwe na chama. Na ndani ya chama huteuliwi kwa kuwa una hesabu nzuri ya ndoo. Unateuliwa na watu wanaokujua kwenye shina na tawi, waliokuona kwenye vikao, kwenye misiba, kwenye kufagia ofisi. Yaani lazima uwe umeshakuwepo.

Tulikuwa na kadi, wengi wetu, lakini tulikuwa wanachama wa kuitwa siku ya mgeni. Mnaijua hali hiyo. "Akina mama vaeni sare, mje na ngoma, gari litawafuata saa 3." Mgeni anakuja saa 8. Mnacheza, mnapewa soda, kikao kinaanza ninyi mnarudishwa. Tangu mwaka ule tukakubaliana, na hili halimo kwenye muhtasari kwa sababu ya kifungu cha 4, kwamba kila mmoja aende kwenye chama chake, kiwe chochote, ahudhurie vikao vya shina na tawi na alipe ada. Atakaporudi kwenye hisa, kadi anaiacha mlangoni. Mimi nilikuwa naogopa, nikikumbuka upatu wa 1996. Nilikubali nusu nusu.

Mwaka 2019 wakachukua fomu watatu, wawili chama kimoja na mmoja chama kingine. Wa kwanza alianguka kura za maoni. Wa pili akapita. Wa tatu, wa upinzani, alienguliwa. Eti fomu ilikuwa na kosa kwenye jina la mtaa. Mwaka ule wagombea wengi wa upinzani nchini walienguliwa kwa makosa ya fomu, na vyama vyao vikubwa vikatangaza kujitoa. Uchaguzi ulikuwa Novemba 24, na mwenzetu wa pili akawa mjumbe wa kamati ya mtaa bila kupingwa.

Jumamosi iliyofuata sitaisahau. Yule aliyeenguliwa alikuja, akasimama, hakukaa. Akasema anataka hisa zake na hataki kukaa chumba kimoja na mtu aliyepewa kiti bila kura. Sita wakamuunga mkono. Mwingine akasema tuvunje kikundi tugawane, kila mtu ashike njia yake. Mimi mwenyekiti nilikuwa natetemeka, nasema moyoni ndiyo 1996 hiyo imerudi.

Kilichotuokoa si busara yangu. Ni daftari la mikopo. Mweka hazina alilifungua akasoma: aliyeenguliwa ana mkopo wa Sh. 450,000, bado wiki 12, na mdhamini wake ni huyo huyo aliyepita bila kupingwa. Na yeye aliyepita ana mkopo wake, na mdhamini wake ni huyu aliyeenguliwa. Walidhaminiana mwaka mzima kabla ya mambo haya. Kwa katiba yetu hakuna anayetoka na deni, wala mdhamini hatoki mpaka aliyemdhamini amalize. Kwa hiyo walilazimika kukaa wiki 12. Wiki za kwanza walikaa migongo imegeukiana. Wiki ya nane nadhani, mjumbe akaja na makaratasi ya kisima, amechoka, akasema hazielewi risiti za pampu. Aliyeenguliwa alikuwa amewahi kufanya kazi duka la vifaa vya maji. Akanyoosha mkono akasema, "Lete hapa." Akaonyesha risiti mbili zenye bei mara tatu.

Kuanzia mwaka 2020 hesabu ya kisima ikawa inabandikwa kwa karatasi ya manila ukutani kwenye ofisi ya mtaa, kila mwisho wa mwezi. Pampu ilipoharibika tena hatukuchangishwa, mfuko ulitosha. Hayo ndiyo mabadiliko ya siasa niliyoyaona mimi kwa macho yangu. Mwingine atacheka, lakini kwa mama anayechota ndoo 10 kwa siku si kidogo.

La pili ni mkopo wa halmashauri. Sheria ya mwaka 2018 inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Tulikuwa tunasikia vikundi vingine wanapata. Kumbe barua ya mtaa ndiyo inaanza, halafu kata, halafu afisa maendeleo ya jamii. Tulipokuwa na mtu ndani ya kamati barua haikukaa mezani. Mwaka 2021 tukapata Sh. 8,000,000, tukanunua mashine ya kusaga na kukoboa, tukarejesha yote. Tuliomba tena, na Aprili 2023 serikali ikasitisha mikopo hiyo nchi nzima mpaka iliporejeshwa 2024. Fomu zetu za mara ya pili zilipotea hapo katikati, tukaanza upya.

Sasa la kwangu. Mwaka 2024 nilichukua fomu ya uenyekiti wa mtaa kwa chama changu. Nilimkumbuka mama yangu, kwamba hakuna aliyemwambia. Mimi nilijiambia mwenyewe. Kwenye kura za maoni nikashindwa kwa kura 11. Mwenzangu alitoa nauli kwa wapiga kura na mimi sikutoa, wala sina pa kuitoa. Nilikuwa nimeshalijua hilo. Kilichoniuma ni kwamba nilipopiga hesabu, si chini ya wanane kati ya walionipita mkono ni wa kikundi hiki. Tunazijua hesabu, hatudanganyani.

Naandika hili kwa kuwa historia isiandikwe nusu. Wiki mbili baada ya hapo nilitoza faini za kuchelewa kwa ukali ambao haukuwa wa kawaida. Kuna mama alichelewa dakika 5 kwa sababu ya mtoto mgonjwa nikamtoza. Mweka hazina alinivuta pembeni akaniambia, "Mwenyekiti, kadi tuliacha mlangoni." Nilirudisha ile Sh. 500 mfukoni mwangu na nikamwomba yule mama radhi mbele ya wote.

Tarehe 27 Novemba 2024 wanachama wetu wawili waliingia kwenye kamati ya mtaa. Mmoja ni yule wa mwaka 2019. Yule aliyeenguliwa aligombea tena, safari hii jina lake lilikuwepo kwenye karatasi ya kura, akashindwa kwa kura, akasema angalau amehesabiwa. Yeye sasa ndiye anakagua vitabu vyetu. Mashine ya kusaga inafanya kazi ila mkanda unahitaji kubadilishwa, na hilo liko kwenye ajenda ya mwezi ujao.

Lile daftari la ndoo lipo ndani ya sanduku, chini ya vitabu vya hisa. Vijiti vyote 9,460 vimo, na kurasa mbili zina mafuta ya chapati. Anayetaka kuliona aje Jumamosi saa 9 alasiri, wenye funguo wote watatu wakiwepo.